Jina la Kuingilia

Hapo mwanzo ofisi yetu nzima ilikuwa mtu mmoja. Mtu huyo aliitwa "ofisi", kwa herufi ndogo, na nywila yake iliandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya meza ya chai. Yeyote aliyetaka kufanya kazi kwenye kompyuta kubwa ya Karatu, awe amekaa mbele yake au awe Wasso au Buger akiingia kwa mtandao, aliandika "ofisi" akaingia. Na kwa kuwa kompyuta ile haikukubali mtu mmoja awe sehemu mbili kwa wakati mmoja, aliyeingia baadaye alimtoa aliyetangulia. Mtu yuko katikati ya ripoti ya kisima, mara skrini inazima, na huko Buger mwenzake anafurahi kwamba leo mtandao uko vizuri.

"Nani kanitoa?" ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi.

Shirika letu ni dogo. Tunachimba visima na kutengeneza pampu za maji kwenye vijiji vya Karatu na Ngorongoro. Programu ya ramani na ripoti za pampu iliwekwa kwenye mashine moja tu, ile ya Karatu, kwa hiyo watu wa mbali walikuwa na vikompyuta vya mkononi vilivyochoka ambavyo kazi yake ilikuwa kuwafikisha kwenye skrini yetu. Mtu anakaa Wasso, mwendo wa kutwa nzima kwenye basi na vumbi, lakini kishale chake kinatembea kwenye mashine iliyoko karibu na dirisha langu. Mimi niliajiriwa kutunza mafaili ya karatasi. Kazi ya kumfungulia kila mtu akaunti yake nilipewa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kuliko wote, na mkurugenzi alichoka kunisikiliza.

Naandika haya kwa ajili ya akaunti moja kati ya zile nilizofungua wakati ule. Ilikuwa ya mama mmoja wa ofisi yetu ya Wasso. Baadaye akaunti hiyo ikawa mahali pekee ambapo jina la binti yake liliendelea kutumika, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Haipo tena. Hakuna aliyenilaumu, na hata mimi nikijihoji sioni kosa la kulishika mkononi, lakini nasikitika kila siku ya kazi, na siku za kazi ni nyingi.

Nilianza kwa kufuata maelekezo niliyosoma, kwamba jina la kuingilia liwe herufi ya kwanza ya jina la mtu ikifuatiwa na jina la ukoo. Hapo nikagundua kuwa simjui mtu. Dereva niliyekunywa naye chai miaka yote ilibidi nikamtafute kwenye barua yake ya ajira. Huku kwetu mtu akishapata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linawekwa kabatini. Anakuwa Mama fulani au Baba fulani, kazini, kanisani, mnadani, hata polisi wakimsimamisha barabarani. Nilipowapa watu akaunti za majina ya vyeti, simu hazikukoma. Fundi wetu wa Buger, ambaye ili apate mtandao lazima apande kilima nyuma ya shamba lake la maharage, alinipigia akihema.

"Dada, mashine yako inasema hainijui."

"Umeandika nini?"

Akanitajia Baba, na jina la mwanawe.

"Baba, nilikwambia uandike jina lako."

"Sasa hilo si ndilo jina langu?"

Nikasalimu amri. Nilifuta zote nikafungua upya kwa majina ambayo watu wanaitwa. Orodha ikawa Baba, Baba, Mama, Baba, Mama, na mkurugenzi alipoiona alisema inafanana na kadi ya michango ya harusi. Yangu tu ndiyo haikuwa na kitu mbele. Sina mtoto. Ofisini wananiita dada, na nilipofika kwenye akaunti yangu niliandika jina nililopewa na baba yangu, tupu. Niliwaambia nimejipendelea, jina langu ni fupi kuliko yote. Walicheka. Mimi pia nilicheka, ila si sana.

Mama wa Wasso nilimpigia simu.

"Nikuandike nani?"

Alinitajia Mama, kisha jina la binti yake, herufi moja moja, kwa sababu ni jina la Kimaasai na sisi watu wa Karatu tuna tabia ya kuyaponda majina ya Kimaasai. Akanirudisha mara ya pili, nilikuwa nimekosea herufi ya katikati. Sitaliandika jina hilo hapa, na mbele itaeleweka kwa nini. Na kwa kuwa siliandiki hilo, nimeona nisiandike jina la mtu mwingine yeyote, ili lake lisiwe pengo la peke yake.

Kutokea hapo tukawa marafiki, kama watu wanavyoweza kuwa marafiki wakiwa na pori zima katikati yao. Yeye alikuwa wa kwanza kuingia kila asubuhi, kabla mtandao wa Wasso haujazidiwa. Mimi nilifika ofisini ukungu ukiwa bado umelala barabarani na magari ya watalii yakipanda kuelekea geti la Ngorongoro huku yamewasha taa. Nikifungua ukurasa unaoonyesha nani yuko ndani ya mashine, jina lake liko pale, peke yake. Nikampigia.

"Takwenya!" Ndilo neno la Kimaasai nililojua.

"Iko!" Halafu na yeye, "Saita, dada," kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, naye alijua neno hilo moja tu. Baada ya hapo tuliingia Kiswahili, maana akiba yetu ya heshima ilikuwa imeisha.

Nyumbani kwetu ni Mbulumbulu. Wakati wa mavuno nilimpa kondakta wa basi la Wasso furushi la maharage amfikishie. Basi liliporudi, lilileta samli kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kwa nailoni tatu, na bado mkoba wa kondakta ulinukia samli kwa muda mrefu. Alilalamika kila alipotuona. Tulimpa pole na hatukuacha.

Alikuja Karatu mara moja, kwa mafunzo ya programu mpya. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alimleta binti yake. Mtoto ndiyo kwanza amejua kusoma, na kama watoto wote waliojua kusoma jana, alisoma kila kitu: kopo la sukari, kalenda, kibandiko cha kizimamoto. Nilimketisha kwenye kiti changu. Mama yake akasimama nyuma, akanyoosha mikono akaandika jina la kuingilia, taratibu, na mtoto akawa anazitaja herufi moja moja kwa sauti. Mashine ikawaza kidogo. Kisha skrini ikaandika: Karibu, Mama, na jina lake.

Alilisoma lote. Akageuka kumwangalia mama yake, akanigeukia mimi.

"Imenijuaje?"

"Nimeiambia mimi," nikasema.

"Iambie tena."

Mama yake akatoka, akaingia tena. Karibu, Mama. Mtoto akapiga makofi. Mama akatoka tena, akaingia tena. Wenzake kwenye mafunzo wakaanza kuguna na mkufunzi akatazama saa yake, lakini sisi watatu hatukuwa na haraka. Sijui tulitoka na kuingia mara ngapi. Mara ya mwisho mtoto aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na herufi ile ya katikati ambayo mimi niliikosea yeye hakuikosea.

Masika yaliyofuata binti huyo alishikwa na homa, na hakupona. Sijui zaidi ya hapo. Sikuuliza na mama yake hakunieleza.

Kabla habari haijatufikia nilikuwa nimeshaona kitu kwenye mashine. Mtu anayeingia kwa mtandao akikatika bila kutoka vizuri, kazi yake haifungwi. Inabaki imefunguka ndani ya mashine, kama mtu aliyeondoka mezani akaacha kila kitu kilivyo. Jina lake linaonekana kwenye ukurasa wangu, na pembeni yake imeandikwa kwamba amekatika. Kila Ijumaa jioni nilikuwa nazifunga kazi za namna hiyo, mashine ipate kupumua. Ijumaa ile niliona jina la mama wa Wasso limekatika tangu katikati ya wiki. Nilimpigia, simu haikupatikana. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha kufunga. Sijui kwa nini sikubonyeza. Jumatatu dereva aliyetoka huko akatuletea habari, na nikaona heri sikubonyeza.

Wenzangu walikwenda Wasso kutoa pole. Gari lilikuwa dogo, na nilikuwa wa kwanza kusema nitabaki, lazima mtu aangalie mashine. Mashine ile isingedhurika bila mimi. Nilibaki kwa sababu naogopa misiba ya watoto. Nilijiuliza mwanamke asiyezaa anaingia vipi kwenye nyumba kama ile, anamwambia nini mama aliyefiwa. Niliwapa maharage wapeleke. Waliporudi waliniambia ameniulizia.

Waliniambia pia kwamba sasa wanamwita kwa jina la mtoto wake wa pili, kijana mdogo ambaye bado alikuwa anatambaa. Hatukukaa kikao kuamua hivyo. Ilitokea tu, kila mtu kwa huruma yake alilikwepa jina lile. Mimi pia. Siku aliyorudi kazini nilimpigia nikasema, "Takwenya, Mama," nikamalizia na jina la kijana.

"Iko," akasema.

Hakuniambia saita. Nilikata simu nikakaa nikiuangalia ukurasa wangu, mpaka lile neno la kukatika likaondoka pembeni ya jina lake. Alikuwa ameingia. Haikupita muda akanipigia yeye.

"Dada, hukuifunga."

"Sikuifunga."

"Ripoti yangu iko vilevile. Nilikuwa nimeandika, pampu ya kijiji hiki ina. Nikaitwa nyumbani." Akapumua. "Nimekaa hapa naiangalia hiyo ina. Sikumbuki nilitaka kusema ina nini."

Nilimwambia aende polepole, kisha nikasema lile nililokuwa nimeliandaa, kwa sababu nilikuwa nimelala nikiliwaza na niliamini ni jema.

"Mama, nimekuandalia akaunti nyingine. Yenye jina la kijana. Usiwe unaandika lile kila asubuhi. Nitahamisha kazi zako zote, wewe hutahangaika na chochote."

"Hapana."

Alilisema haraka, mpaka nikadhani mtandao umekata maneno mengine. Nikasubiri.

"Dada yangu, nikueleze," akasema. Na alinieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha shuleni, akichagua maneno. Kwao mtoto akifa, jina lake linazikwa naye. Hakuna anayelitamka tena nyumbani, si baba, si bibi, si majirani. Si ukatili, ni adabu, na ni kumwogopea aliye hai. Mtoto mwingine hapewi jina hilo hata siku moja. Mwezi mmoja nyuma lilikuwa linapigiwa kelele kutwa nzima, njoo hapa, acha hicho, kunywa maziwa, na sasa boma zima limekaa kama halikuwahi kulisikia.

"Na mimi nakubali," akasema. "Mimi ni mtoto wa palepale. Silitamki. Hata sasa hivi nikiongea na wewe, umesikia nimelitamka?"

"Hapana."

"Lakini kuandika," akasema, "wazee hawakusema kitu kuhusu kuandika. Asubuhi naliandika, mdomo umefungwa. Mashine inanijibu karibu, inaniita vile. Basi. Halafu nafanya kazi mpaka jioni. Hiyo tu niachie."

Nilimwachia. Nilifuta ile niliyomwandalia, na moyoni nikaapa kwamba yake haitaguswa na mtu yeyote. Kukawa na mabadiliko mengi baada ya hapo, wafanyakazi wapya wakaja na wa zamani wakaondoka, nikafungua akaunti na kufunga akaunti, na mtu aliyejifanya mjuaji akashauri tubadilishe mfumo mzima wa majina uwe wa kisasa. Nilimpandishia sauti mpaka akaniomba radhi, maskini, hakujua kakanyaga nini. Kila asubuhi nilipofika, jina lile lilikuwa pale, la kwanza, peke yake. Nilijua kwamba muda mfupi kabla ya hapo kuna mwanamke kaliandika herufi kwa herufi huku midomo yake imefungwa. Nilikuwa nalisoma na mimi kimoyomoyo. Nilijiruhusu hivyo kwa sababu mimi si wa boma lile, na kwa sababu nilimpenda yule mtoto kwa siku zile chache za mafunzo kuliko ninavyoweza kueleza bila aibu.

Halafu radi ikapiga.

Ilikuwa mvua za kawaida za Karatu, zile zinazoshuka kutoka msituni mchana na kugeuza barabara zote kuwa tope jekundu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Kifaa cha kukinga mashine na umeme mkali kilitoa moshi, na mashine iliyokuwa nyuma yake ikanyamaza. Niliibonyeza, nikaiunganishia waya mwingine, nikaisemesha. Harufu tu.

Ripoti za pampu zilikuwa salama. Nilikuwa nazinakili kila wiki kwenye diski ya pembeni, kama mkurugenzi alivyoagiza, na wafadhili hawakupoteza hata mstari. Akaunti za watu hazikuwa kwenye nakala hiyo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba akaunti ni kitu cha kunakili. Ni jina na nywila tu, likipotea unaandika lingine. Hata mimi, niliyejua akaunti ile moja ilikuwa nini kwa mwenyewe, nilikuwa nafikiri hivyohivyo.

Nilichomoa diski ya mashine iliyoungua nikapanda nayo basi hadi Arusha, nikiwa nimeipakata kwenye kanga kama kifaranga. Fundi niliyeelekezwa aliifungua, akaipima na kuipima tena, na kwa upole akaniambia imekufa. Nikamwuliza hakuna namna yoyote. Akaniuliza nini kilikuwamo, picha za harusi? Nilisema ripoti. Ningemwambia nini?

Mashine mpya ilipofika niliianza na akaunti yake kabla ya zote. Niliandika Mama, nikaandika jina, herufi ile ya katikati nikaiangalia vizuri. Nilifurahi, nakiri. Nilijiambia mbona si jambo gumu, jina ni lilelile, litasomeka vilevile, hata hatajua kuna kilichotokea. Kisha nikamtumia ujumbe kwamba Jumatatu anaweza kuingia.

Jumatatu nilifika mapema. Jina lake lilikuwa pale, la kwanza, peke yake, kama siku zote, na nilikuwa bado sijavua koti simu ilipoita.

"Dada," alisema. Hakuna iko, hakuna saita. "Inanikaribisha kama mgeni."

Nilijua anachokiona kwa sababu nimeshakiona mara mia kwa watu wengine. Mtu akiingia kwa mara ya kwanza, mashine inamsalimu, inamwambia asubiri kidogo, inamwandalia mambo yake. Inamwonyesha meza tupu yenye picha ya mlima wa mbali usio wetu.

"Ni mashine mpya," nikasema. "Itakuzoea. Jina nimeliandika lilelile."

"Umeliandika lini?"

"Ijumaa hii iliyopita."

Nikajaribu kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nilimwambia kwamba kwa ndani mashine haimtambui mtu kwa jina. Kila akaunti inapozaliwa inapewa namba yake ambayo mtu haioni, na akaunti ikipotea namba hiyo hairudi tena. Ukifungua nyingine kwa jina lilelile, kwa mashine huyo ni mtu mwingine kabisa. Nilidhani namweleza kwa nini meza yake ni tupu.

"Kwa hiyo ni mwingine," akasema.

"Kwa mashine, ndiyo. Kwetu sisi ni—"

"Dada, subiri." Nilimsikia akivuta kiti. "Ile ya kwanza ilipewa jina yeye akiwa hai. Aliiona. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, wewe si ulikuwapo? Ile ilikuwa yake. Hii imepewa jina yeye akiwa hayupo. Tumempa mwingine jina lake." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kwetu hatufanyi hivyo."

Nilitaka kusema ni kompyuta tu. Namshukuru Mungu sikusema. Niliona alichokiona yeye, na nikaona kwamba hakuna mlango wa kupitia: kama wazee hawakusema kitu kuhusu kuandika, hili la kumpa mwingine jina walikuwa wameshalisema zamani sana. Kile nilichokifanya Ijumaa kwa furaha, koti likiwa limetundikwa kwenye kiti alichokalia mtoto, kilikuwa ndicho hasa kisichofanywa.

"Nisamehe," nikasema.

"Hukujua. Ifute tu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nikiwa hapa."

Alitoka. Jina likaondoka kwenye ukurasa wangu. Niliifuta, mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Ilikuwa haina kitu ndani, haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Nilibaki nimeshika simu sikioni, machozi yananitoka, na yeye upande wa pili hakuwa analia, au alikuwa analia kwa namna yao isiyosikika.

"Imefutika," nikamwambia.

"Haya. Nifungulie nyingine, nina ripoti mbili."

"Nikuandike kwa jina la kijana?"

"Hapana. Wanaoniita kwa jina la kijana wanatosha." Akafikiri. "Wewe ulijiandika vipi?"

"Mimi?" Nilipata kigugumizi. "Jina langu tu. Si unajua, mimi sina…"

"Basi niandike kama ulivyojiandika wewe."

Akanitajia jina lake. Sikuwa nimewahi kulisikia. Miaka yote ile ya maharage na samli, nilijua sauti yake, kikohozi chake, saa yake ya kuingia, jinsi anavyoweka mkato mahali pasipotakiwa, na jina alilopewa na wazazi wake sikulijua. Alinitajia herufi moja moja na mara hii sikukosea.

Bado tunafanya kazi pamoja. Bado napeleka maharage na bado kondakta analalamika, wa sasa ni mwingine lakini malalamiko ni yaleyale. Nikimpigia nasema takwenya, anajibu iko, na siku akiwa na nafasi ananirudishia saita yake. Akaunti zote sasa nazinakili, kila wiki, na diski naipeleka nyumbani. Watu wananicheka kwa hilo na siwaelezi.

Kwenye orodha ya mashine mpya kuna Baba na Mama wengi kuliko zamani. Majina yasiyo na kitu mbele yake ni mawili tu, langu na lake, na asubuhi, kabla wengine hawajaingia, yanakuwa pale peke yake, moja juu ya jingine. Langu liko hivyo tangu mwanzo. Yeye lake alilichagua mwenyewe, akaja kukaa nami. Ndipo huwa naliwaza lile gari dogo lililokwenda Wasso bila mimi, na jinsi wenzangu walivyoniambia kwamba ameniulizia.